Kibao cha shaba kwa ajili ya Shangazi: karakana moja ya Katuba na kazi yake

Kibao chenyewe kina upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40. Ni bati la shaba lililofuliwa kwa mkono na kupigiliwa misumari midogo juu ya ubao mzito, nacho tangu mwezi wa Oktoba kinaning'inia sebuleni kwa Baba mkubwa, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na kalenda ya parokia. Tulikiagiza kwenye karakana moja ya komini ya Katuba, mojawapo ya sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, kwa ajili ya misa ya mwaka wa kwanza tangu afariki Shangazi yetu, ambaye alikuwa muuguzi wa wodi ya uzazi kwa miaka 34, na Mkatoliki ambaye hata sisi tuliolelewa naye tulishindwa kumfuata kwa sala. Watu waliofika kwenye misa hiyo wameniuliza mara nyingi ni nani aliyekitengeneza, kiligharimu kiasi gani, na kama inafaa wao pia waende kwa fundi huyo. Naona inafaa, ila mtu aende akiwa amekwisha kujua mambo kadhaa ambayo sisi tuliyajua baada ya kulipa. Jina la fundi silitaji, kwa sababu yapo makosa nitakayoyasimulia na yeye hayupo hapa kujitetea. Anayemtaka aulizie wafua shaba wa Katuba, na hatapotea.

Katika mji huu familia inayotaka kumkumbuka marehemu wake ina njia zilizozoeleka: vitenge vya sare, fulana zenye picha kifuani, bango la plastiki linalofungwa mlangoni siku za kilio, au picha kubwa iliyotiwa fremu ya kung'aa. Tulifanya karibu yote hayo wakati wa mazishi. Kabla mwaka haujaisha, jua la kiangazi lilikuwa limelipausha bango hadi sura ya Shangazi ikabaki kama moshi, na fulana moja niliikuta ikifutia meza, katika nyumba ambayo sitaisema. Jiwe la kaburi lililochongwa lilitushinda bei. Shaba ilitujia akilini kwa sababu ni kitu cha kwetu. Babu, yaani baba yake Shangazi, alifanya kazi katika kampuni ya migodi ya Union Minière huko Kolwezi hadi nguvu zilipomwishia, na mkoa wetu wenyewe wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. Mtu aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi tuliona anastahili walau kipande kimoja cha madini hayo chenye jina lake, maana kwa kawaida madini hayo hutupita barabarani yakiwa juu ya malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa.

Hata hivyo kabla ya kuzungumza bei tuliuliza shaba inatoka wapi, na ninamshauri kila mteja aulize hivyo. Hakuna mkazi wa Lubumbashi asiyejua kwamba nyaya za umeme hukatwa usiku, na kwamba kilichokatwa huuzwa mahali. Shangazi alikuwa mtu wa kurudi hospitalini kwa miguu ili kurudisha pini ya nepi aliyoikuta imenasa kwenye koti lake la kazi. Kuliandika jina lake juu ya mali ya wizi kungekuwa ni kumdhihaki. Fundi hakukasirika. Alitutolea bati zima lenye unene ulio sawa kutoka ukingo hadi ukingo, akatuonyesha risiti ya aliyemuuzia, kisha akaeleza kwamba waya wa wizi hauwezi kugeuka bati mpaka uyeyushwe na kupitishwa kwenye mashine ya kubana chuma, mashine ambayo banda lake halina wala halitaipata. Kuna wateja ambao wangeridhika na risiti. Mimi niliridhika na maelezo hayo ya pili.

Karakana ni banda la mabati lenye kuta mbili tu. Ndani mna jiko la makala, yaani makaa, beseni la maji, bakuli pana la lami ngumu, na nyundo na patasi nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu; mteja hukalishwa juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa. Umeme ukikatika kazi haisimami, na katika mji huu hiyo ni sifa ambayo maduka ya uchapishaji hayawezi kujigamba nayo. Ukutani ziligonga macho yetu zile kazi ambazo wageni hununua: tembo, ramani ya Afrika, mwanamke mwenye kikapu kichwani. Nilikuwa nimebeba picha ya Shangazi kwenye simu, nikamwuliza fundi kama angeweza kuifua sura hiyo.

«Mama, uso wa mtu siufui,» alinijibu. «Nikikosea pua, familia italia mara ya pili.»

Nampa alama nyingi kwa jibu hilo kuliko kwa kazi yake yoyote. Siku mbili kabla yake tulikuwa tumepita kwa fundi mwingine aliyetuahidi sura kamili kwa siku tatu, naye alipotuonyesha mifano yake, marehemu wote watano, wanaume kwa wanawake, walifanana kama waliozaliwa tumbo moja. Fundi wa Katuba alisema anaweza kufua mikono, vitu na herufi, basi. Tukakubaliana naye juu ya mikono.

Ugumu ulikuja kwenye maneno. Bei yake ni dola 140 kwa kibao cha ukubwa huo, pamoja na mchoro mmoja na herufi 60. Kila herufi inayozidi hapo ni nusu dola, na tarakimu huhesabiwa kama herufi. Baba mkubwa alikuwa ameandaa maandishi yake kwenye karatasi ya mistari. Humo mlikuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo, cheo cha infirmière A2 (muuguzi wa ngazi ya A2), miaka ya utumishi, uongozi wa wodi, utumishi katika chama cha kanisani cha Legio Maria, shukrani za wadogo zake aliowalea, na mstari mzima wa Injili ya Mathayo, sura ya 25, kuhusu kumtazama mgonjwa. Fundi alihesabu kwa ncha ya msumari, bila haraka, akafika herufi 412. Nyongeza peke yake ilikuwa dola 176, yaani zaidi ya kibao chenyewe. Akaongeza jambo ambalo lilitushtua kuliko bei: herufi zote hizo zikibanwa katika nafasi iliyobaki chini ya mchoro, kila moja ingekuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na mtu aliyeketi sebuleni angeona mikwaruzo tu. Alitushauri twende nyumbani tukapunguze, na tusirudi kabla hatujapatana.

Hatukupatana kwa wiki mbili. Ucheleweshaji huo ulikuwa wetu na si wa karakana, na ninautaja kwa sababu ndipo kibao kilipopata thamani yake.

Shangazi alizaliwa Kolwezi mwaka 1951. Wazazi wake walikuwa kati ya watu wa ndoa waliomzunguka Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ambaye katika miaka hiyo ya 1950 alianza na wafanyakazi wa migodi kile kikundi kilichokuja kuitwa Jamaa, kikaenea kambi hadi kambi katika Katanga na kuvuka hadi Kasai. Wanajamaa walifundishana kwa Kiswahili, kuketi na kuulizana mawazo hadi usiku, na mafundisho yao yote yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Baadaye yalitokea matengano na mizozo na maaskofu, na nyumba yetu ikabaki na parokia tu. Lakini maneno hayo matatu hayakuondoka katika mazungumzo yetu. Shangazi aliyatumia hata alipogombeza: mtoto aliyemnyima mwenzake chakula aliambiwa kwamba anakataa uzima, na ndugu walionuniana waliulizwa mapendo wameyaweka kabati gani. Nilipendekeza kwamba tuandike jina, miaka, kazi, na maneno hayo matatu, tusiongeze kitu.

Baba mkubwa alikataa neno la katikati. Shangazi hakuolewa na hakuzaa. Alipokuwa msichana alitamani kuingia utawani; wakati huohuo babu akaumia kazini, wadogo zake bado wakiwa wa kubebwa, naye akachagua masomo ya uuguzi kwa sababu yangeleta mshahara. Baba yangu ni mmoja wa waliokula mshahara huo. Kila mtu aliyekulia hapa anajua maneno ambayo mwanamke asiye na mtoto husikia sokoni, kwenye harusi, hata mlangoni mwa kanisa, na Shangazi aliyasikia yote na kuyajibu kwa kunyamaza. Baba mkubwa, ambaye ni kaka yake mkubwa, aliona kwamba kuandika UZAZI chini ya jina lake ni kumzomea baada ya kifo. Sikumlaumu.

Kilichomgeuza ni daftari. Lilikuwa kwenye kabati la Shangazi, limefungwa ndani ya taulo pamoja na shahada yake na rozari mbili zilizokatika: daftari la shule, la jalada gumu, ambalo kila mstari wake ulikuwa na tarehe, jina la mtoto, jina la mama, na saa. Padre wa parokia alilitambua mara moja. Kanisa linafundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kumbatiza, mradi awe na nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa, ammwagie maji, na ayatamke maneno ya Baba na ya Mwana na ya Roho Mtakatifu. Muuguzi wa wodi ya uzazi hukutana na hatari hiyo saa ambazo padre amelala. Shangazi alibatiza kwa maji ya kikombe, akaandika, na Jumapili iliyofuata alipeleka orodha parokiani ili majina yaingizwe katika kitabu. Wauguzi wenzake waliokuja kilioni walituambia kwamba hakuwahi kumbatiza mtoto bila kumwuliza mama, ingawa sheria ya Kanisa haimlazimishi mtu kungoja ruhusa hiyo mtoto anapokata roho. Alisema mama aliyechoka hivyo hapaswi kuamka na kukuta kwamba mambo yamefanywa nyuma yake.

Baba mkubwa alilisoma daftari jioni moja umeme ulipokuwa umekwenda, kwa mwanga wa simu, akihesabu kwa sauti ya chini. Walikuwa 58. Mbele ya baadhi ya majina Shangazi alikuwa ameweka alama ndogo ya tiki, na ilituchukua muda kuelewa kwamba hao ndio waliopona. Wanajamaa walikuwa wakisema kwamba mtu huzaliwa pia na mwingine katika roho, na Baba mkubwa anayajua mafundisho hayo kuliko mimi, ila hakuyataja. Alifunga daftari akasema neno liandikwe.

Lilibaki jina la kazi. Mtaani tunasema infirmière, na wagonjwa wa hapa humwita munganga mtu yeyote mwenye koti jeupe, awe daktari au anayepima homa. Shangazi mwenyewe aliitikia munganga miaka yote hiyo, huku akimweleza kila mtu kwamba si daktari. Tulichagua MUUGUZI. Baadhi ya ndugu waliona ni Kiswahili cha vitabu, lakini mimi nilishikilia neno hilo kwa sababu ya kitenzi chake. Kuuguza ni kukaa na mgonjwa, na katika hospitali zetu, ambako ndugu ndio wanaopika, wanaoosha na wanaolala sakafuni kando ya kitanda, mgonjwa asiye na ndugu hana wa kumwuguza. Kwa hao Shangazi alibeba bukari, yaani ugali, na samaki kutoka nyumbani katika bakuli la mfuniko wa buluu, hata katika ile miaka ambayo mishahara ya hospitali alikofanyia kazi ilipitisha miezi bila kuonekana na nyumbani kwetu tulikula mara moja kwa siku. Kusema kweli, tukiwa watoto tulilichukia bakuli lile.

Tulirudi Katuba tukiwa na herufi chache kiasi kwamba fundi hakutudai nyongeza hata moja. Sasa akataka kujua mikono ishike nini. Alikuwa na kielelezo chake tayari, ile taa ya mfano wa birika yenye mdomo mrefu ambayo huchorwa kwenye nembo za wauguzi dunia nzima. Taa hiyo, kwa taarifa ya wasomaji, hata Florence Nightingale mwenyewe, yule muuguzi Mwingereza ambaye huhusishwa nayo, hakuibeba. Kule Scutari, wakati wa vita vya Crimea, alitembea na fanusi ya Kituruki ya kukunjwa. Shangazi naye hakuwa na birika wala fanusi. Alikuwa na koroboi, kopo la maziwa lililotobolewa juu na kutiwa utambi wa kitambaa, alilolichukua kazini zamu za usiku kwa sababu umeme ulipokatika katikati ya uzazi jenereta haikuwaka, au iliwaka bila mafuta. Nilipolitaja koroboi, fundi alicheka kwa furaha. Aliniambia kwamba utotoni mwake alitengeneza makopo hayo na kuyauza, na bila kuulizwa akaanza kulichora kwenye mfuko mtupu wa saruji.

Alipendekeza pia msalaba mwekundu kwenye kofia ya muuguzi, tukamwambia kofia haimo katika mchoro. Hapo nilijikuta nikimsimulia habari za Mtakatifu Kamili wa Lellis, ambaye Shangazi alitunza picha yake ndani ya kitabu cha sala: mcheza kamari na askari wa Italia aliyegeuka kuwa mtumishi wa wagonjwa huko Roma, na ambaye watawa wake walivaa msalaba mwekundu kifuani tangu mwaka 1586, zaidi ya miaka 250 kabla ya shirika la Msalaba Mwekundu kuanzishwa Geneva. Papa Pio XI alimtangaza mwaka 1930 kuwa msimamizi wa wauguzi pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu. Fundi alisikiliza yote akiendelea kuchora, kisha akauliza kama basi tungependa msalaba wa Katanga, ule wa shaba wa mikono minne iliyo sawa ambao wazee walitumia kama fedha na ambao umejaa kwenye makumbusho ya mji. Anauweka kwenye kazi zake nyingi, nao hununuliwa sana. Kwa mtu mwingine ungefaa. Kwetu, msalaba pekee uliobaki ni ule mdogo wa rozari inayoning'inia kwenye kifundo cha mkono, na nafurahi kwamba hatukuongeza mwingine.

Kazi yenyewe inastahili kuonwa kwa macho, na mteja anayeweza kukaa saa moja kwenye lile kreti asikose. Bati hulazwa juu ya lami iliyolainishwa kwa joto, mchoro ukiwa umenakiliwa upande wa nyuma, na fundi hugonga kutoka nyuma ili umbo livimbe mbele. Shaba inayogongwa huwa ngumu, na ikiendelea kugongwa hupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda huivua kutoka kwenye lami, huipasha juu ya makala mpaka iwe nyekundu, huitumbukiza majini, nayo hurudi laini kama mwanzo. Kisha huigeuza na kunyoosha kingo kwa patasi upande wa mbele. Mwishoni huipaka dawa ya kuifanya nyeusi na kuisugua, weusi ukabaki mabondeni na vilima vikang'aa. Kwa mchoro wetu alirudia moto huo mara nyingi kwa ajili ya vidole tu.

Kufua kutoka nyuma kuna mtego, nasi tulinasa. Herufi zote zinapaswa kuchorwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Katika maneno UZIMA na UZAZI, herufi U, I, M na A hazidhuriki na kioo kwa sababu pande zake mbili zinafanana. Ni Z peke yake inayogeuka. Kazi ya herufi fundi alimwachia kijana wake, na kijana, baada ya kuona herufi nyingi zisizohitaji kugeuzwa, alisahau kuigeuza Z ya pili ya UZAZI. Tulipokwenda kuchukua kibao siku tuliyoahidiwa, neno lile tulilogombania wiki mbili lilikuwa na herufi iliyoangalia nyuma. Fundi hakuiona mpaka nilipoinyooshea kidole, na hilo ndilo lililonikera zaidi ya kosa lenyewe, maana kibao kilikuwa kimekwisha kusuguliwa, kupigiliwa ubaoni na kufungwa kwenye gazeti. Mtu alikuwa amekipitisha mikononi mwake mara kadhaa bila kukisoma.

Alitengeneza bila kudai kitu. Aling'oa misumari, akapasha moto, akabonyeza herufi ile mpaka ikalala, akaifua upya. Ilichukua siku tisa nyingine, na tulikichukua Ijumaa jioni wakati misa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mtu akisimama mlangoni haoni kitu. Akikaribia na mwanga ukitokea upande wa dirisha, ataona chini ya Z hiyo kivuli cha ile ya kwanza. Wateja wote wanaoagiza maandishi wasome kila herufi kabla shaba haijatiwa dawa, na waombe kuisoma mbele ya fundi mwenyewe.

Kuhusu mchoro, koroboi limekuwa kazi bora kabisa. Mshono wa kopo unaonekana, mpini uliopinda unaonekana, na moshi umefuliwa kwa mistari mitatu inayopungua hadi kupotea pembeni mwa bati. Mikono imenipa shida. Shangazi alikuwa na vidole vifupi na kucha zilizokatwa hadi nyamani, na ngozi iliyokakamaa kwa dawa za kuoshea. Mikono ya kwenye kibao ni mirefu na laini, mikono ya bibi harusi. Nadhani fundi ana mikono ya aina moja tu katika nyundo yake, kama vile yule mwingine alivyokuwa na uso mmoja. Baba yangu haoni kasoro hiyo, na binamu zangu husema ndivyo mikono yake ilivyokuwa kabla hatujazaliwa. Huenda.

Malipo yalikuwa nusu mwanzoni na nusu tulipokichukua, kwa fedha ya simu, na bei haikubadilika njiani, jambo ambalo kwa mafundi wa hapa si la kawaida. Lakini fundi hakutuambia kwamba dola 140 hazikuwa na vanishi. Tulilijua hilo tulipouliza namna ya kukisafisha. Vanishi ni dola 10 zaidi, inahitaji siku mbili za kukauka, na sisi tulikuwa na usiku mmoja. Bila vanishi shaba hubadilika rangi upesi kwa jasho la vidole na kwa hewa ya mvua, kwa hiyo mteja aihesabu ndani ya bei tangu mwanzo.

Kibao hatukukipeleka makaburini. Tulitaka kufanya hivyo, na fundi ndiye aliyetukataza, akisema kwamba ameona kazi yake mwenyewe ikirudishwa kuuzwa kwa kilo. Kaburini tumeweka msalaba wa saruji wenye jina lililochorwa kwa rangi, na shaba imebaki nyumbani. Asubuhi ya misa kilisimamishwa mbele ya altare juu ya kiti, kikiwa kimefunikwa kitenge, na baada ya komunyo padre alikibariki. Alinyunyiza maji ya baraka kwa mkono wa ukarimu. Maji hayo, kama desturi ya zamani, yalitiwa chumvi kidogo yalipobarikiwa, na chumvi na shaba isiyo na vanishi hazipatani: kufikia Jumatatu matone matatu makubwa yalikuwa yameacha alama za kijani, mbili chini ya koroboi na moja karibu na herufi ya mwisho ya MAPENDO.

Fundi anasema atazifuta bure siku tutakapokipeleka kwa vanishi. Dada yangu anataka zifutwe. Mama yangu anasema maji ya baraka hayafutwi na sandpepa. Tulikubaliana kungoja mpaka Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, ipite. Imepita, mvua zimeanza, njia ya kwenda karakana ni matope, na manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anadai nauli mara mbili kwa mzigo mpana kama huo, kwa hiyo kibao hakijakwenda popote. Mjukuu wa Baba mkubwa, mwenye miaka sita, ambaye Shangazi alimfundisha Salamu Maria lakini hakuwahi kuona koroboi likiwaka, huwaeleza wageni kwamba yale madoa ni mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye taa.